Kisima cha Barabara ya Eno

Kutoka Nashville, mji wenye Waislamu wengi wa Kikurdi, tulielekea magharibi kilomita 60 hivi hadi Dickson, jimbo la Tennessee, Marekani. Barabara ya Eno ni ya mashamba, na kando yake lipo jaa la taka la wilaya. Humo yalifukiwa mapipa ya taka za viwandani, zikiwamo za trikloroethilini, dawa ya kuondolea grisi kwenye vyuma. Ardhi ya huko ni mwamba wa chokaa wenye nyufa, na maji hupenya mbali.

Sisi tuliosoma fiqhi huyapima maji kwa rangi, ladha na harufu. Kwa vipimo hivyo, kisima cha familia moja ya Wamarekani weusi jirani na jaa hakikuwa na dosari. (Maji huweza kuwa twahara, na bado ikaharamika kuyanywa kwa madhara yake.) Mwaka 1988 maabara ilikuta sumu kisimani, familia ikaandikiwa kuwa maji yao ni mazuri. Majirani weupe, sumu ilipoonekana kwao, waliarifiwa upesi. Mwaka 2000 kipimo kilizidi mara 20 kiwango kinachoruhusiwa, mikrogramu 5 kwa lita, ndipo wakaunganishiwa bomba la mji.

Fidia ililipwa mwaka 2011. Baba wa nyumba ile alikwishafariki kwa saratani mwaka 2007.