Vyombo Visivyovuja Kando ya Ziwa Mweru

Wenzangu walimu watanisamehe iwapo katika kurasa hizi, zilizozoea kujadili ngeli, vina na mizani, nitathubutu kuzungumzia makopo, mikebe na madumu. Sikukusudia kuwa mjuzi wa vyombo hivyo. Nilichotaka ni kuwafundisha watu wazima wa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, namna ya kutaja mahali kwa Kiswahili sanifu. Vyombo vilikuja baadaye, na vikanifedhehesha.

Darasa langu hujaa miezi mitatu tu ya mwaka. Tangu mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hupigwa marufuku ziwani ili samaki wapate kuzaana. Mitumbwi huvutwa mchangani, na wavuvi pamoja na wachuuzi wao hubaki bila shughuli. Ndipo wanapomkumbuka mwalimu. Ng'ambo ya pili ni Kongo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya biashara, na asiyekijua hupunjwa katika bei.

Mchezo niliowachezesha sikuubuni mimi. Mnamo tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliondoa kosa la makusudi iliyokuwa imelitia katika mawimbi ya satelaiti zake za kuonyesha mahali. Kesho yake Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi ya plastiki porini katika jimbo la Oregon, akatangaza vipimo vyake vya latitudo na longitudo, na watu wakaenda kuitafuta. Leo vyombo vilivyofichwa kwa mtindo huo vinazidi milioni tatu duniani, na ndani ya kila kimoja mna kijidaftari ambamo mwenye kukipata huandika jina lake. Nikajiambia: kama Mmarekani hutafuta ndoo kwa tarakimu, kwa nini mwanafunzi wangu asiitafute kwa sarufi?

Basi nikaandika kadi. “Nenda pale penye jiwe jeupe, kisha kule kuliko na mitumbwi, utazame mle mwenye tundu la mti.” Hapa wanafunzi wangu wenyeji walinishangaza. Vitabu vyetu huwatisha wanafunzi kwa viambishi pa, ku na mu, kana kwamba ni mafumbo. Mbemba anavyo vyote vitatu katika lugha yake tangu utotoni, na husema *pa ng'anda*, *ku ng'anda* na *mu ng'anda* bila kufikiri. Kilichomtatiza ni ile -ni ya mwisho tu, katika nyumbani na ziwani. Waliotoka Kongo, ambao walikuwa wakikisema Kiswahili kwa wepesi kunipita, ndio walioona taabu, kwa maana Kiswahili chao kimekwisha kupunguza mapatano mengi ya namna hiyo. Hata neno la chombo chenyewe lilitukosanisha. Niliwaagiza waje kila mmoja na kopo lenye kifuniko. Watu wa Kongo wakaja na vikombe vya kunywea maji, kwa kuwa kwao hicho ndicho kopo, wakaniuliza kwa adabu tangu lini kikombe kikawa na kifuniko.

Msimu wa kwanza nilitumia masanduku matatu ya plastiki yaliyokuwa ya aiskrimu. Niliyachagua kwa sababu yalikuwa bure. Katika kila sanduku niliweka kurasa walizoandika wanafunzi wenyewe, kila mmoja akieleza nyumbani kwake ni wapi, ili anayelipata sanduku asome na kujibu. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja mchuuzi wa samaki, aliyevuka kutoka upande wa Pweto mwaka 2017, wakati maelfu ya Wakongo walipokimbilia wilaya hii na baadaye wengi wao wakapewa makazi Mantapala. Kusema alikuwa akijua, kuandika hakuwahi kufundishwa. Ukurasa ule ulikuwa wa kwanza wake maishani. Aliutumia wiki mbili. Aliandika palipo na mwembe, mlimo na mafiga matatu, na kuliko na kaburi la mama yake. Nami, kwa majivuno ya mwalimu, nikamwambia kwamba karatasi ile itatuzidi umri.

Sanduku la kwanza lilichukuliwa na ziwa. Maji ya Mweru hupanda na kushuka kwa kadiri ya mita moja na sentimita sabini kwa mwaka; huwa chini kabisa mnamo Januari, na juu kabisa mnamo Mei. Mimi nilificha Januari, nikapima hatua zangu kutoka ukingoni kama mtu mwenye hekima, na mvua za masika zikanicheka. La pili lilipasuliwa na jua. Plastiki nyembamba inayoachwa juani hupoteza unyumbufu wake, ikawa kama ganda la yai. Kifuniko kilivunjika vipande nilipokigusa kwa kidole.

La tatu ndilo lililonifunza. Lilikuwa juu ya kilima kidogo, chini ya jiwe, kifuniko kizima, na hakuna ziwa lililolifikia. Lakini ndani mlikuwa na maji yanayojaa kiganja, na ukurasa wa yule mama ulikuwa umegeuka wingu la samawati. Nilidhani kuna mtu aliyelifungua. La hasha. Sanduku hupumua. Mchana hewa iliyomo hupata joto, ikatanuka, na kidogo yake ikatoka ukingoni. Mvua ya alasiri inapolipoza ghafla, hewa iliyobaki hunywea, na sanduku likanyonya yale maji yaliyosimama juu ya kifuniko. Likirudia hivyo kila siku kwa miezi mitatu, halihitaji tundu. Kifuniko cha kubana kwa vidole, kisicho na mpira wala hesi, hakizuii pumzi hiyo.

Nilimkabidhi karatasi yake. Nakala sikuwa nayo. Aliikunja mara nne, akaitia katika ncha ya kitenge chake, akasema, “Asante, mwalimu,” kisha wiki mbili hakuonekana darasani.

Katika wiki hizo nilisoma kila nilichokipata juu ya vyombo. Nilifahamu kwamba bati ni zuri hadi rangi yake ichubuke, halafu kutu haina huruma. Kwamba chupa ya kioo haipitishi maji wala unyevu, lakini ikivunjika huwakata watoto wanaotembea pekupeku. Kwamba mkebe uliowahi kutiwa mafuta au samaki, hata uoshwe mara saba, panya huunusa, akautafuna. Nilifahamu pia kwamba wazoefu wa mchezo huu hupenda yale makopo membamba ya plastiki nene ambayo viwandani hupulizwa kuwa chupa za soda, kwani kifuniko chake ni cha hesi na kimetengenezwa kuzuia gesi isitoke. Chombo kisichotoa gesi hakiingizi maji. Wala hawaruhusiwi siku hizi kuchimba ardhi ili kukifukia, ingawa ile ndoo ya kwanza ilifukiwa nusu. Nikakumbuka na hadithi ambayo kila mtoto wa shule wa Zambia huisikia: mwaka 1873 kule kwa Chitambo, Chuma na Susi pamoja na wenzao waliukausha mwili wa Livingstone, wakauvika nguo, wakauingiza katika gome la mti lililobanduliwa zima, wakalishonea turubai, wakaubeba hadi pwani ya Bagamoyo. Nilione haya mimi niliyeshindwa kuhifadhi karatasi moja.

Lakini chombo kinachosifiwa kuliko vyote huko Marekani ni sanduku la chuma la risasi, lile la kijani lenye komeo na mpira mnene kifunikoni. Rafiki yangu mmoja alinipatia moja kuukuu kutoka Lusaka. Kwa ufundi halina mfano: nililizamisha katika pipa la maji usiku kucha, na asubuhi kitambaa kilichomo kilikuwa kikavu. Nikalileta darasani kwa furaha na kuliweka mezani.

Wanafunzi wangu wa Nchelenge walilisogelea. Wale wa ng'ambo walibaki palepale walipoketi. Mmoja, mzee wa makamo, alisema polepole, “Mwalimu, ile kintu ni ya basoda. Mi siwezi gusa.” Sikumsahihisha. Nilikuwa nimesahau kwamba mbele yangu walikuwapo watu waliokimbia Pweto ilipotekwa Desemba 2000, na wengine waliokimbia tena baada ya miaka kumi na saba. Na nilikuwa ninataka waende vichakani, wakafungue visanduku vya chuma walivyovikuta chini ya mawe. Kile ambacho mama zao waliwakanya wasikiguse, mimi niliwapa kama zoezi la nyumbani. Nikalitoa nje siku ileile. Sasa natilia humo chaki.

Yule mama alirudi siku ya Jumatatu akiwa na chombo chake mwenyewe. Ilikuwa chupa nene ya plastiki yenye mdomo mpana na kifuniko cha hesi. Hivyo, alinieleza, ndivyo wachuuzi wanavyovusha karatasi zao na fedha zao katika mitumbwi: karatasi hutiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa fundo, mfuko hutiwa chupani, kifuniko hukazwa, na juu ya maungio huzungushwa ukanda wa mpira wa baiskeli ukiwa umevutwa sana. Chupa hulazwa ubavu, mdomo ukiinama kidogo, ili maji yasitue juu ya kifuniko. Na haiachwi juani. Mtumbwi ukipinduka, chupa huelea. Jambo moja alilisisitiza, akinitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake: “Na kalamu ya wino, hapana. Penseli.” Ni kweli, risasi ya penseli haiyeyuki majini.

Aliandika upya, kwa penseli, nusu ukurasa. Mwembe ulikuwamo, na mafiga matatu. Kaburi hakulitaja safari hii, nami sikuuliza. Tuliificha chupa pamoja katika ufa wa mwamba, upande wa kivuli, juu ya alama ambayo maji ya Mei huifikia.

Ilikaa humo tangu Machi hadi marufuku ya Desemba ilipowarudisha watu darasani. Kijana mmoja mvuvi ndiye aliyeipata. Aliifungua mbele ya darasa zima, akaukunjua mfuko. Ndani mlikuwa na kisisimizi mmoja aliyekufa, na karatasi ilikuwa kavu, ikitoa mlio kama ya dukani. Akaanza kuisoma kwa sauti. Alipofika kwenye mafiga alisoma “palimo”, na kutoka nyuma, kabla sijafungua kinywa, yule mama akamwambia, “Mlimo, baba. Mlimo.”