Kopo Lisilotaja Shamba
Juma hili nimeonja chai tatu za majani mazima yaliyotiwa ladha. Ya asumini, kutoka Fujian, ilinishinda: harufu ilitangulia, chai ikafuata kwa mbali. Earl Grey, yenye mafuta ya maganda ya bergamoti, ilinipendeza, ilimradi isitiwe maziwa. Ya tatu, iliyofungwa Ulaya, ilikuwa na iliki na karafuu. Tamu kweli, ila ilinikera. Kopo lilitaja kila kiungo, lisitaje majani yenyewe yalilimwa wapi. Chai ya Kericho na Mufindi, nyingi ikiwa ya kusagwa, huuzwa kwa jumla, ikachanganywa ng'ambo na za nchi nyingine, kisha ikarejea madukani ikiwa na jina la mchanganyaji, si la mkulima.