Redio ya Kaka

Wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wao wamezoea makala zenye harufu ya mwani na chumvi, wataniwia radhi leo nikiwapeleka bara, mahali ambapo upepo hauleti majahazi bali vumbi. Naishi Shinyanga. Ninalotaka kulisimulia ni jambo dogo: kubadilisha redio ya gari. Niliibadilisha mwenyewe, kwa mikono iliyozoea kalamu, na kazi ambayo fundi angeimaliza kwa saa moja ilinichukua siku mbili. Sikufanya hivyo kwa ubahili. Nilikuwa na sababu.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1997, lililoingia nchini likiwa limekwisha kutumika Japani, kama yalivyo magari mengi ya kwetu. Lilikuwa la marehemu kaka yangu. Maisha yake yote ya utu uzima aliyaendesha kwa biashara ya vipuri vya makarasha, zile mashine za kusagia mawe yenye dhahabu. Alivinunua Kahama na kuwapelekea wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamagasa, mkoani Geita. Alipofariki, wanawe walikwisha kuwa na magari mapya, nami sikuwa na hata baiskeli. Basi wakanipa hilo, pamoja na vumbi lake jekundu lililokuwa limeingia mpaka ndani ya kufuli.

Redio iliyokuwamo ni ile iliyotiwa kiwandani. Sasa, Wajapani waliiunda kwa ajili ya kwao. Gari hilo lilipoundwa, FM ya Japani ilikuwa kwenye masafa ya megahezi 76 hadi 90, ilhali kwetu hutumika 87.5 hadi 108. Kwa hiyo redio hiyo ilisikia kipande chembamba tu cha hewa yetu. Ilikuwa nzima, haina kasoro, na vituo vilikuwa tele juu ya paa la gari, lakini haikuundwa kuvisikia. Wenye magari wengi hutia kwenye waya wa antena kijidude kinachoyashusha masafa yetu mpaka redio iyafikie. Kaka hakujisumbua. Yeye alisikiliza kaseti.

Kaseti ya mwisho ilikuwa imekwama ndani. Nililipeleka gari kwenye kibanda cha kijana mmoja anayefunga redio za magari. Akaingiza kidole, akatikisa kichwa. “Mzee, hii imeng’ang’ania. Tunang’oa yote tunatupa. Siku hizi kaseti ya nini?” Nilikuwa nakaribia kukubali. Kisha nikainua kile kifuniko cha mdomo wa redio, nikamulika kwa tochi ya simu, nikaona karatasi ya kaseti na mwandiko wa kaka. Lilikuwa neno moja tu: Mayu. Kwa Kisukuma, ni mama. Nikamshukuru kijana, nikanunua kwake redio mpya na vipande vyake, nikaondoka.

Hapa sina budi kurudi nyuma. Nilipokuwa na umri wa miaka saba nilipelekwa kulelewa na baba mkubwa, karani wa reli mjini Shinyanga, katika njia ya treni itokayo Tabora kwenda Mwanza. Nyumbani kwake kilisemwa Kiswahili, na shuleni aliyeteleza akasema Kisukuma alichapwa. Nilimaliza darasa la saba na hapo masomo yangu yakakoma. Mengine nimejifundisha. Ushairi nilifundishwa na redio ya baba mkubwa: kila kilipowadia kipindi cha mashairi cha Redio Tanzania, nilihesabu mizani kwa vidole, nikaijua nane kwa nane kabla sijajua kwamba ina jina. Kiingereza na Kiarabu nilivifuata kwenye kamusi kuukuu, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka nikathubutu kufasiri.

Kaka alibaki kijijini na mama, na alibaki ndani ya lugha ya mama. Miaka mingi baadaye alinijia na ombi. Mama anazo nyimbo za kusagia, akasema, na sauti yake inakwenda. Wewe ndiye mwenye kalamu, njoo uziandike. Nilimjibu kwamba nimo katika kufasiri kasida, na kwamba nitakwenda kazi hiyo ikiisha. Wenzangu mnaofasiri mnajua kuwa kazi hiyo haiishi. Mama alifariki kabla sijakwenda. Kaka hakuniuliza tena, wala hakuniambia kwamba alikwisha kununua kaseti.

Ndiyo maana sikutaka mkono mwingine uiguse redio ile.

Kazi huanzia kwenye betri. Nilifungua waya hasi kwa spana namba 10, ili nisije nikazua cheche. Kisha nikaivuta taratibu ile fremu ya plastiki inayoizunguka redio. Imeshikwa kwa vibanio, na plastiki iliyopigwa jua miaka yote hiyo huvunjika kama mkate mkavu. Nyuma yake zipo boliti nne. Nilipozitoa, redio ikaja mikononi mwangu na mkia wake wa nyaya: plagi moja ya nyaya kumi, na nyingine ya nyaya sita. Redio mpya nayo haikulingana na tundu. Ya zamani ilikuwa na upana wa milimita 200, hii ina 178, hata likabaki pengo la milimita 11 kila upande. Hilo ni rahisi, huzibwa kwa vipande vya plastiki. Shida ilikuwa rangi.

Redio ya dukani huja na nyaya zenye rangi za desturi yake. Manjano ni umeme usiokatika, ulindao saa na kumbukumbu. Nyekundu ni umeme uingiao ufunguo unapozungushwa. Nyeusi ni hasi. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika. Gari nalo lina desturi yake. Katika gari langu umeme usiokatika umo katika waya wa buluu wenye mstari wa manjano, hasi ni kahawia, na umeme wa ufunguo umo katika waya wa kijivu. Tazama basi, kijivu huku na kijivu kule. Atakayeunganisha rangi kwa rangi atapeleka volti 12 za betri mahali pa kutokea sauti, na redio mpya itaungua kabla haijasema neno.

Kosa la namna hiyo nalijua, maana nililifanya zamani kwenye karatasi. Katika tafsiri zangu za mwanzo nilikutana na neno la Kiarabu adab, nikaandika adabu, nikafurahi kwamba Mwarabu na Mswahili wamekubaliana. Kumbe mwandishi alikuwa akizungumzia fasihi. Neno lile kwetu limebaki na maana ya mwenendo mwema, na hata ya fimbo, kama tusemapo kumtia mtu adabu. Makala nzima ikawa inawausia vijana heshima, ilhali mwenyewe alikuwa akisifu mashairi. Tangu siku hiyo siulizi tena neno linafanana na nini. Nauliza linafanya kazi gani. Ndivyo nilivyozifanyia nyaya. Niliazima mita ya umeme, nikairudisha betri kwa muda, nikagusa waya mmoja mmoja, kwanza ufunguo ukiwa umetolewa, kisha ukiwa umezungushwa kituo cha kwanza, na kila jibu nikaliandika kwenye daftari kama niandikavyo msamiati. Jua lilipotua, redio mpya ilizungumza. Vituo vilimiminika, kimoja baada ya kingine, vyote vile ambavyo gari hilo lilipita chini yake kwa miaka bila kuvisikia.

Siku ya pili niliifungua ile ya zamani juu ya meza ninayoandikia. Utepe ulikuwa umejizungusha kwenye kigurudumu cha mpira kinachouvuta, na mpira wenyewe, kwa joto la dashibodi, ulikwisha kulainika ukawa kama ulimbo. Niliukunjua kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu. Sehemu kubwa ilitoka salama. Kipande kimoja kilikunjamana na kugandana hata hakikufaa kitu. Nilipima: sentimita 14. Utepe wa kaseti husafiri kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde, na hesabu hiyo niliifanya kabla ya kushika wembe. Nilikuwa nakata sekunde tatu za sauti ya mama. Nikakata, nikaunga ncha kwa utepe wa kunata, nikaizungusha kaseti kwa kalamu ya Bic kama tulivyofanya ujanani.

Jirani yangu bado anayo redio-kaseti. Tulipoiwasha, kwanza akasikika kaka akimwamkia mama: mwangaluka. Mama akaitikia. Kaka akamwambia jambo, mama akacheka, kisha akaanza kuimba, na chini ya sauti yake kulikuwa na mkwaruzo wa jiwe juu ya jiwe. Kaka, aliyekula kwa mashine za kusaga mawe, ndiye aliyeihifadhi sauti ya jiwe la kusagia mtama. Mimi nilikuwa nimekaa na daftari wazi na kalamu mkononi. Katika ubeti wa kwanza nilielewa maneno manne.

Nawaachia wasomaji wapime aibu hiyo. Nimewafasiri washairi waliokufa karne nyingi kabla sijazaliwa, na sikuweza kumfasiri mwanamke aliyenizaa.

Usiku ule nilimkumbuka Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria ambacho watu wa pwani hawakikumbuki wasemapo “visiwani”. Riwaya yake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945. Alipokosa wa kuichapisha kwa lugha hiyo, hatimaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Mzee yule alikuwa na lugha ya mama akakosa mlango wa kuitolea kwa miaka 35. Mimi milango nilifunguliwa, na kaka alikuja mpaka kizingitini kuniita.

Redio mpya haina mdomo wa kaseti. Nilirudi kwa kijana wa kibanda, akanihamishia sauti kwenye flashi, asitake malipo aliposikia ni ya nani. Nikaendesha kupitia Kahama na Kakola mpaka nje kidogo ya mji wa Geita, anakoishi mama mdogo, ndugu wa mwisho wa mama aliyebaki hai. Upande wa mgodi mkubwa, unaochimba kwa mashimo ya wazi tangu mwaka 2000, vifusi vimekuwa vilima. Nikajiuliza kaka alipita hapo mara ngapi na sauti ile garini, peke yake.

Mama mdogo alikataa nitoe chombo chochote nje. Alikaa kiti cha mbele, milango wazi, gari likiwa chini ya mwembe. Kaka aliposema mwangaluka, yeye ndiye aliyeitikia, akiitazama redio. Wimbo ulipoanza aliufuata, kwanza kwa midomo, kisha kwa sauti. Walikwenda pamoja, dada wawili, mpaka pale nilipounga. Pale sauti ya ndani iliruka mbele, na ya mama mdogo ikabaki nyuma, kwenye mstari ambao haupo tena kwenye utepe. Akanyamaza. Akanigeukia.

“Mbona umemkata mama yako?”

Nikamweleza habari ya mpira, ya wembe na ya sentimita 14. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akausema ule mstari uliopotea, taratibu, mara tatu, nami nikauandika kwa herufi nilizokuwa naziwinda, nikimsomea naye akinisahihisha.

“Unajua maana yake?” akaniuliza.

“Sijui, mama.”

“Basi rudisha mwanzo, mwanangu, nikuambie.”

Nikabonyeza, tukaanza tena kwenye salamu.