Hisa za Vizibo

Ubao wa mchezo wetu wa soko la hisa ulikuwa karatasi ya manila iliyobandikwa juu ya boksi, umechorwa kwa kalamu ya wino mzito. Miraba ilizunguka pembezoni, na katikati palikuwa na jedwali la bei lililoandikwa kwa penseli ili lifutike. Kampuni zilikuwa nne, zote za kweli: TOL, iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998, kampuni ya bia, TBL, Saruji ya Twiga, na benki ya NMB, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imewauzia wananchi hisa kwa shilingi 600, mwaka ule wa 2008. Hisa zetu zilikuwa vizibo vya soda. Dadu tuliitoa kwenye ludo.

Aliyeubuni mchezo huo alikuwa mwalimu wetu wa hisabati, na namshukuru mpaka leo. Sumbawanga wakati ule barabara ya Tunduma ilikuwa bado ya vumbi, na masika ikawa tope. Gazeti lilitufikia limeshachelewa. Mwalimu alikata ukurasa wa bei za hisa, akafuta penseli, akaandika bei mpya. Sisi tulikusanyika darasani baada ya vipindi, mvua ikipiga bati hata ikabidi kutaja bei kwa kupaza sauti.

Somo lililonikaa zaidi ni la asilimia. Kadi ya habari za soko ilitoka: hisa ya shilingi 1,000 imeshuka kwa asilimia 20. Mzunguko uliofuata ikapanda kwa asilimia 20. Darasa zima tukashangilia kwamba imerudi palepale. Mwalimu hakusema kitu, akampa chaki aliyekuwa karibu naye. Elfu moja ikawa 800, asilimia 20 ya 800 ni 160, jumla 960. Shilingi 40 zimekwenda wapi? Tulibishana mpaka giza likaanza kuingia. Kwenye kitabu tungepiga hesabu ile, tukapata vema, tukafunga daftari. Pale ilikuwa fedha yetu, hata kama ni ya karatasi, na hakuna aliyekubali kuondoka bila kuelewa.

Wastani nao tuliujua hivyo. Umenunua hisa kumi kwa 600, bei ikaanguka, ukaongeza ishirini kwa 450: zote thelathini zimekugharimu 500 kila moja, kwa hiyo bei ikifika 520 wewe una faida, ingawa jirani yako aliyenunua zote kwa 600 analia.

Wapo walioshindwa kuona kwa nini mtu aachie fedha yake kampuni asiyoijua. Mwalimu aliwaeleza kwa ntumba za kwetu Ufipa. Kila Mfipa amewaona wazee wakilima yale matuta ya mviringo mvua zikielekea ukingoni, nyasi zikafukiwa zioze, na msimu unaofuata tuta likasambazwa na mbegu ikapata rutuba. Jasho la mwaka huu linalipwa mwaka kesho. Hapo neno mtaji halikuhitaji maelezo tena.

Kadi za habari ndizo zilizotupeleka mbali na Dar es Salaam. Baadhi aliziandika kwa mambo ya kwetu, na mahindi akayapa safu yake kwenye jedwali: mpaka wa Tunduma umefungwa, mahindi hayatoki, wakala wa hifadhi ya chakula ameanza kununua, dumuzi ameingia ghalani. Hiyo ya dumuzi tuliichukia. Umeweka mahindi mpaka Februari, bei imepanda asilimia 40, lakini mdudu amekula asilimia 15 ya mzigo: faida iliyobaki ni asilimia 19 tu, na bado hujalipia dawa.

Nilipeleka hesabu hizo nyumbani. Baba alikuwa kijana enzi za NMC, shirika la umma lililonunua nafaka, serikali ilipopanga bei moja ya mahindi nchi nzima, Sumbawanga walipwe sawa na waliokaa jirani na Dar es Salaam. Bei hiyo ndiyo iliyochangia kuifanya Rukwa ghala la nchi pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma. Mfumo ule ulikufa, nasi tukabaki na umbali wetu. Kwa Baba, tangu hapo, bei ilikuwa jambo linalokuja na lori la mnunuzi.

“Baba, gunia ni debe sita,” nilimwambia. “Wao wanajaza lumbesa, debe saba. Ukiuza magunia sita hivyo, la saba umewapa bure.”

Alinyamaza, akahesabu kwa vidole. “Rudia, mwanangu.”

Nikarudia. Msimu uliofuata aliwataka wanunuzi wapime kwa mizani. Wawili waliondoka kwa hasira, wa tatu akakubali.

Mwaka 2009 benki ya CRDB nayo iliuza hisa, kwa shilingi 150 kila moja. Baba aliniuliza maswali kuliko mwalimu yeyote: benki ikipata hasara, na mimi nimepata hasara? Ndiyo, Baba. Gawio ni lazima walipe? Hapana. Na nikitaka kuuza, nani ananunua? Nikamweleza kuhusu madalali wa soko la hisa, akacheka, maana madalali anawajua. Alinunua chache, kwa fedha ya magunia ya mwisho ya msimu uliopita. Za mbolea na ada zetu alikuwa ameshazitenga, na hizo hakuzigusa.