Sauti ya Saba

Reli ya Kati ifikapo Manyoni imekwisha kuikata nchi ya Wagogo mpaka upande wake wa magharibi. Ni nchi ya miiba, uwele na ng'ombe, ambayo mgeni huihesabu kuwa maskini. Kwa muziki ni tajiri. Wanawake hupiga muheme wamebana ngoma magotini, ilimba hulia chini ya vidole gumba, na waimbaji hupatanisha sauti nyingi kwa namna iliyowavuta wataalamu kutoka mbali.

Wataalamu hao walikuwa na vyombo vya kupimia. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akinasa nyimbo, alipima ala za Afrika kwa uma 54 za chuma, ya kwanza ikitetema mara 212 kwa sekunde na ya mwisho mara 424. Aliulinganisha uma na ala mpaka sauti mbili zikawa moja. Kazi ya subira hiyo! Baadaye Profesa Gerhard Kubik wa Vienna alieleza asili ya ngazi ya Wagogo.

Uzi uliokazwa haulii kwa sauti moja tu. Hutetema mzima, na papo hapo hutetema kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kila sehemu huzaa sauti yake nyembamba. Katika sauti hizo za maumbile Wagogo hutumia ya nne hadi ya tisa. Na kwa kuwa ya nane ni ile ya nne iliyorudi juu, hupata ngazi ya sauti tano.

Hapo ndipo ilipo hatari. Oktava huhesabiwa senti 1,200, kipimo alichokieleza Alexander Ellis mwaka 1885, na kinanda cha Kizungu kimeigawa sehemu 12 zilizo sawa. Sauti ya saba huangukia karibu na senti 969. Kinanda hakina mahali hapo. Kina 900, kisha 1,000. Tofauti ya 31 ni ndogo kwa hesabu, bali sikio lililolelewa huko huitambua kama ulimi utambuavyo mchuzi uliopungua chumvi. Programu ya kunyoosha sauti, isipoelekezwa vingine, humdhani mwimbaji wa Manyoni amepotea njia, ikamvuta hadi 1,000.

Chombo hakina kosa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Simha Arom wa Ufaransa alipeleka kinanda cha umeme katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, akazigeuza sauti zake, akawaachia wapigaji wa huko wazikubali au wazikatae. Tazama mpango huo, msomaji: mpimaji ni mtaalamu, lakini hakimu ni mpigaji.

Manyoni huhitaji kompyuta moja na ilimba moja. Njiti za chuma hupigwa moja moja mbele ya mwenye ilimba, mitetemo yake huandikwa, na ngazi hiyo huwekwa ndani ya programu kabla mwimbaji hajafungua kinywa.