Mkate wa Zukini na Majani ya Boga

Ikifika Agosti hapa Minnesota, zukini haziuzwi kwa jirani, zinagawiwa. Utazikuta ndani ya kikapu jikoni kazini, na kikaratasi cha kukusihi uchukue. Utazikuta kwenye meza nje ya kanisa, kwenye baraza za nyumba, hata kwenye kiti cha nyuma cha gari la mwenzako anayekubembeleza ubebe mbili, au tano kama mikono inatosha. Wamarekani wameitengea hali hii siku yake kabisa: tarehe 8 Agosti, siku ya kunyemelea baraza la jirani na kumwachia zukini bila yeye kujua. Wameianzisha kwa mzaha, lakini mwenye bustani yeyote wa huku anaielewa vizuri. Na zile zisizopata wa kuzipokea hukwaruzwa, zikachanganywa na unga, mayai, mafuta, sukari na mdalasini, zikawa mkate.

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tukiuonja mkate huu tunasema ni keki, tunashukuru, tunapita. Mimi naona unastahili kutazamwa kwa karibu. Nimekulia Tanga, mahali ambapo boga halikosekani, na bado sikuwahi kuona mtu akilitia mkateni. Sababu si uvivu wala kukosa ubunifu. Ukifuatilia kwa nini wao wanao mkate huu na sisi hatukuwa nao, utajikuta unazungumzia udongo, baridi na namna watu wanavyoishi na mmea mmoja.

Huku jalidi inaweza kuanguka mpaka katikati ya Mei, na ikarudi mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Kwa hiyo mwenye bustani ana kama miezi minne ya kupanda, kupalilia na kuvuna kila atakachokipata mwaka ule. Zukini inaiweza haraka hiyo. Tangu mbegu iingie ardhini hadi tunda la kwanza ni siku 50 hivi. Kisha kunakucha joto baada ya mvua, na tunda uliloliona jana likiwa na urefu wa kidole leo limefika kiganja; lisahau siku chache tu, utalikuta nene kama paja la mtoto, ngozi imekomaa na mbegu zimejaa ndani. Hilo halifai tena kukaangwa kwa kitunguu. Hilo ndilo la mkate. Unalipasua, unatoa mbegu kwa kijiko, unakwaruza nyama yake.

Zukini huliwa changa, kabla haijakomaa, na tunda changa halitunziki. Ngozi yake ni laini, ndani karibu yote ni maji. Ukiliweka siku kadhaa linaanza kunyauka na kulainika. Boga letu tunaliacha likomae shambani mpaka gamba liwe gumu. Likishavunwa, linakaa uvunguni mwa kitanda wiki nyingi, hata miezi, likisubiri siku ya kuhitajika. Halimkimbizi mtu. Mama anaweza kulitazama Rajabu na kusema hili la Ramadhani, na kweli likaliwa Ramadhani, vipande vikubwa vimepikwa kwa tui zito, sukari kidogo na iliki, likawekwa mezani pamoja na futari nyingine.

Tena kwetu hakuna anayelisubiri tunda peke yake. Boga hupandwa mvua zikianza, katikati ya mahindi, likaachiwa litambae litakavyo. Kabla halijatoa ua, tayari jikoni linaliwa: machipukizi na majani machanga huchumwa, vikonyo vikachunwa nyuzi, yakakatwakatwa na kupikwa kwa tui la nazi au karanga za kutwanga. Kuchuma ncha hakuudhuru mmea ukichuma kwa kiasi. Unatoa matawi mapya na majani mengine laini. Baadaye yanakuja maua ya kiume, yasiyozaa, nayo huingia chunguni pamoja na majani. Tunda likiiva linaliwa, mbegu zinakaushwa na kukaangwa kwa chumvi. Mmea unaogawa chakula kidogo kidogo namna hii kwa msimu mzima haumlimbikizii mtu mzigo wa siku moja. Mkate wa zukini ulizaliwa palipokuwa na mzigo huo.

Asili ya mimea hii ni moja. Maboga na zukini ni vya ukoo mmoja, na ukoo huo ulianzia Amerika, ambako wenyeji wa bara lile walipanda mahindi, maharage na maboga katika shamba moja, kila kimoja kikimsaidia mwenzake. Ukisimama kwenye shamba la mahindi na maboga kule Muheza, Tanga, unautazama mpango uleule, maelfu ya kilomita kutoka ulikobuniwa. Zukini yenyewe ilizunguka zaidi: mbegu za ukoo huo zilivuka bahari hadi Ulaya, Waitaliano wa upande wa Milan wakazikuza mpaka wakapata tunda hili refu la kijani mwishoni mwa karne ya 19, kisha katika karne ya 20 wahamiaji wa Kiitaliano wakalirudisha Marekani. Nalipenda hili. Chakula kinachoonekana cha Kimarekani kabisa kililetwa na wageni waliofika na mbegu zao mifukoni.

Sasa tuje kwenye mkate wenyewe. Unaitwa wa haraka kwa sababu hauna hamira. Hausubiri kuumuka mezani; kinachouinua ni bekingi soda na bekingi poda, zinazotoa hewa mara zikikutana na majimaji, uchachu na joto. Soda inahitaji kitu chenye uchachu ndani ya mchanganyiko, kama maziwa ya mgando au sukari ya kahawia. Poda huja na uchachu wake mwenyewe. Kabla ya vitu hivi kuuzwa kwenye makopo, wanawake wa Marekani walitumia chumvi iliyosafishwa kutoka kwenye majivu ya kuni. Imo katika kitabu cha mapishi cha Amelia Simmons kilichochapishwa mwaka 1796.

Hapo ndipo nyumbani na huku panapokutana bila mimi kutarajia, kwa sababu sisi nasi tunayo magadi. Magadi yanayotoka Ziwa Magadi kule Kenya ni ndugu wa karibu wa bekingi soda, na bibi zetu waliyajua vizuri. Ila wao waliyatia kwenye maharage ili yaive upesi, na kwenye mlenda ili ulainike. Jamii mbili zilikuwa na kitu cha aina moja jikoni. Moja ikakipeleka kwenye unga, nyingine ikakipeleka kwenye mboga. Mkate wetu tuliuachia hamira na subira.

Fikiria mkate wa kumimina. Mchele unalala majini usiku kucha, unasagwa na tui, unatiwa hamira, sukari na iliki, unaachwa mpaka uumuke na kutoa mapovu. Kisha unamiminwa kwenye sufuria yenye moto wa wastani, unafunikwa, makaa yanapaliwa juu ya kifuniko, na mpishi anakaa palepale akipunguza chini na kuongeza juu. Huwezi kuupika huku unafua. Mkate wa zukini unachanganywa kwa dakika chache, na anayeukoroga sana anauharibu: unga wa ngano ukisumbuliwa unashikamana, mkate unakuwa mgumu wenye matundu marefu ndani. Unachanganya mpaka usione unga mkavu, unaacha. Oveni inakaa kwenye nyuzi 175, na baada ya saa moja hivi kijiti kikitoka kisafi umemaliza. Wa kumimina ni mtamu zaidi, na sitabishana na mtu juu ya hilo. Lakini wa zukini umetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyerudi kazini jioni na kukuta kilo nne za mboga mlangoni, na kazi hiyo unaifanya vizuri.

Kinachoniuma ni majani. Kila msimu naona katika bustani za jumuiya watu wakipogoa mizukini na maboga, wakirundika kwenye mboji machipukizi ambayo Tanga yangekuwa mafungu ya mboga sokoni. Sisemi ni dharau. Hawakulelewa kuyala, na majani ya zukini yana vinyweleo vinavyochoma mkono. Ukichukua machanga, ukayachuna na kuyachemsha vizuri, vinyweleo hivyo havisumbui tena. Ndugu zetu waliotoka Kongo wanalijua hili kuliko wote. Wakipata kijisehemu cha bustani wanapanda lengalenga, matembele na maboga kwa ajili ya majani kwanza, na hawaoni haya kumwomba jirani wa Kimarekani yale anayotaka kutupa. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima aliyelima bustani maisha yake yote, alinipa mfuko mzima wa machipukizi na kuniuliza nitayafanyia nini. Nilimpelekea bakuli la mboga ya tui. Akala, akaomba kuelekezwa namna ya kuchuna nyuzi, na mwaka uliofuata hakurundika tena kwenye mboji. Bakuli langu lilirudi na nusu ya mkate wa zukini ndani, umefungwa kwa foili. Desturi ya kutorudisha chombo kitupu sikumfundisha mimi.

Kwa walio nyumbani: mkate huu unapikika kwa boga, na hauhitaji oveni. Chukua unga wa ngano vikombe vitatu, bekingi soda kijiko kimoja cha chai, bekingi poda nusu kijiko, chumvi kidogo, mdalasini na iliki. Pembeni piga mayai matatu na sukari kikombe kimoja na nusu na mafuta kikombe kimoja, tia boga bichi lililokwaruzwa vikombe viwili na maziwa ya mgando vijiko vinne vya mezani. Unganisha pande mbili bila kukoroga sana. Paka sufuria mbili ndogo nzito mafuta, mimina, funika, kisha fanya kama wa kumimina: moto mdogo chini, makaa mengi juu. Boga lililokomaa lina maji machache kuliko zukini, kwa hiyo usilikamue. Zukini ndiyo ya kukamuliwa kidogo kwa mkono. Nimesema sufuria mbili ndogo badala ya moja kubwa, maana mkate mnene katikati utabaki mbichi huku ukoko ukiungua. Acha upoe kabisa kabla ya kukata. Siku ya pili unakuwa laini zaidi, na kwa chai ya rangi yenye tangawizi hauhitaji siagi.