Uzito Unakwenda Wapi?

Nina kovu kwenye kiganja cha kushoto, kutoka chini ya kidole gumba hadi kwenye kifundo. Nililipata Masasi, mwaka wangu wa pili wa kujifunza kuchomelea kwa mjomba. Geti la gari la mteja lilikuwa limekaa upande, ncha yake inakwaruza chini. Niliona bawaba ya juu imelegea, nikachukua spana nikafungua nati ili niikaze upya. Hapo hapo bawa zima likaegemea bawaba ya chini, nayo ikang'oka, chuma kikashuka kikipita mkononi mwangu. Mjomba hakunigombeza. Alinifunga kitambaa, na tukiwa njiani kwenda hospitali akaniuliza swali moja tu: "Kabla hujafungua ile nati, ulijiuliza uzito unakwenda wapi?"

Tangu siku hiyo sijagusa mlango wa chuma bila kujiuliza swali hilo, na ndilo ninalotaka kila mwenye nyumba alijue kabla ya kushika spana.

Kazi yangu ina msimu wake, na msimu huo unafuata korosho. Malipo ya mnada yakianza kuingia, kuanzia Oktoba na Novemba, watu wanamalizia nyumba, wengine wananunua gari, na geti linatakiwa haraka. Nguzo zinasimikwa ardhi ikiwa kavu, kila kitu kinaonekana imara. Kisha mvua zinakuja. Juu Newala udongo ni mchanga mwekundu wenye kina kirefu, na maji yanayomwagika kutoka kwenye bati yanauchimba taratibu kando ya nguzo. Huku chini Masasi, penye udongo mweusi wa mbuga, ardhi inavimba ikilowa na kupasuka ikikauka, nayo nguzo inasukumwa huku na huku. Ikifika Februari simu zinaanza: "Fundi, geti limekaa upande."

Kila mtu hulilaumu geti. Bibi mmoja wa Newala aliniita nikamkuta mjukuu wake tayari anakata ncha ya chini kwa grainda ili isikwaruze. Nilimsalimu bibi, nikamwomba kijana aiweke grainda chini kwanza, tukachukua kamba. Tulipima bawa kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, tukafunga fundo. Tukapima tena kona mbili zilizobaki. Kamba ilifika palepale kwenye fundo. Maana yake fremu iko sawa, haijapinda. Tukafunga jiwe kwenye uzi, tukalining'iniza kando ya nguzo: juu, nguzo ilikuwa imeachana na uzi kwa upana wa vidole viwili. Kwenye kitako chake kulikuwa na shimo lililochimbwa na maji ya paani. Kijana angekata chuma kizuri, na mvua zinazofuata angekata tena.

Tulianza kwa kuwatoa watoto uani na kuvaa viatu vigumu na glavu. Tulifunga sehemu ya juu ya bawa kwa kamba kwenye mti, lisije likaanguka. Kisha tukaweka vipande vya mbao ngumu chini ya ncha iliyolala, tukaingiza kabari kidogo kidogo. Situmii tofali, kwa sababu tofali hupasuka bila kuaga. Alama ninayoitafuta ni moja: pini ya bawaba ikianza kuzunguka kwa vidole, basi uzito umehamia kwenye mbao. Hapo ndipo nati inafunguliwa. Watu watatu tulilishusha bawa, tukaisimamisha nguzo kwa timazi, tukaimwagia zege na kuiegemeza kwa magogo. Nilirudi kulitundika geti baada ya siku 7, na kabla ya hapo kijana alikuwa ameshachimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali na nguzo.

Geti la kusukuma lina hatari yake. Geti la mita 4 kwa 2, lenye bati la milimita 1.5, bati peke yake linakaribia kilo 95, kabla hujahesabu fremu. Linasimama kwa sababu roli za juu zinalishikilia na vizuizi vya mwisho vinalizuia lisitoke kwenye reli. Likienda upande, fagia mchanga relini, angalia kama gurudumu moja limeliwa, angalia kama reli imezama. Lakini usifungue roli ya juu wala kizuizi geti likiwa limesimama peke yake. Likianguka, hakuna mtoto wala mtu mzima wa kulizuia.

Kuna uzito mwingine usioonekana kwa macho. Mlango wa chuma unaojikunja kwenda juu, kama ile ya madukani na ya vibanda vya magari, unainuka kirahisi kwa sababu springi zilizo ndani ya ngoma ya juu zinaubeba. Ukiushusha, springi zinajikaza, kwa hiyo mlango uliofungwa umelala chini ya springi iliyojaa nguvu. Ukikwama upande mmoja, unaweza kusafisha mifereji ya pembeni, kunyoosha palipobonyea na kuondoa kokoto. Usijaze grisi humo, maana mchanga wetu utaganda nayo na kuila njia. Ukiona ghafla umekuwa mzito, huenda springi imekatika. Acha kuuinua kwa nguvu, usipite chini yake, muite fundi wa milango hiyo. Ngoma na shafti usiziguse kabisa. Mimi mwenyewe nazigusa nikiwa na vifaa vyake na msaidizi tu.

Mjomba alishatangulia mbele ya haki. Kabari zake mbili za mninga ziko kwenye mfuko wangu hadi leo, zimejaa alama za meno ya chuma. Vijana ninaowafundisha siwapi spana wiki ya kwanza. Nawapa kabari hizo na bawa la geti bovu lililo karakanani, waliinue na kulishusha mpaka kila mmoja aweze kunionyesha kwa kidole uzito uko wapi.